Punje ya shambani na punje ya porini: tunazitofautishaje?

SWALI: Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Dodoma. Tulipofika kwenye mada ya binadamu kuacha kuwinda na kuokota matunda akaanza kulima, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza: wataalamu wakifukua punje ya nafaka ya maelfu ya miaka, wanajuaje kwamba ililimwa, na si kwamba mtu aliichuma tu porini? Naomba pia kujua kama ni kweli watu walianza kulima kwanza ndipo wakaacha kuhamahama.

JIBU: Mwalimu, mpongeze mwanafunzi huyo. Hilo ndilo swali tunaloanza nalo sisi tunaochambua mabaki ya mimea ya kale, na jibu lake liko mahali padogo sana: pale punje ilipokuwa imeshikana na suke.

Nafaka ya porini ikikomaa hupukutika. Suke la ngano mwitu au shayiri mwitu likikauka, uti wake huachana wenyewe, pingili kwa pingili, na punje huanguka chini zikiwa bado ndani ya makapi yake. Ndivyo mmea unavyojipanda. Pale pingili zilipoachana hubaki kovu laini, safi. Ila kila mara huzaliwa mimea michache yenye hitilafu, ambayo uti wake haukatiki. Porini mimea hiyo haifiki mbali, kwa sababu punje zake hubaki juu ya bua mpaka ziliwe na ndege.

Sasa aje mtu na mundu. Anapokata masuke yaliyokauka, punje nyingi za kawaida zinamwagika njiani, lakini zile zenye hitilafu zinafika nyumbani zote. Akitenga mbegu humo na kuzipanda, msimu unaofuata hitilafu imeongezeka kidogo. Misimu ikipita shamba linajaa masuke yasiyopukutika, na hapo ndipo kazi ya kupura inapoanza. Punje iliyopurwa huachanishwa kwa nguvu, kwa hiyo kovu lake lina kingo zilizochanika. Kovu laini ni la porini. Kovu lililochanika ni la shambani.

Mabaki haya hutufikia kwa sababu yaliungua. Punje au kapi lililodondoka motoni bila kuteketea hugeuka mkaa, na mkaa hauozi. Tunamimina udongo wa mahali pa kale ndani ya maji, mkaa unaelea, tunauchuja, tunaukausha, kisha tunauangalia kwa hadubini. Kovu moja halithibitishi chochote, kwani hata porini hiyo hitilafu ipo, na suke lililokatwa bichi likapurwa pia huchanika. Tunahesabu makovu kwa mamia na kulinganisha: katika tabaka la chini yaliyochanika ni mangapi, na katika tabaka la juu ni mangapi. Hesabu ikipanda kutoka tabaka hadi tabaka, watu hao walikuwa wanalima. Ushahidi mwingine huja na magugu. Mbegu za magugu yapendayo ardhi iliyotifuliwa zikianza kujaa kwenye majivu ya jikoni, mtu alikuwa ameshaanza kutifua ardhi.

Naomba wanafunzi wako waelewe jambo hili vizuri, maana vitabu vingi hulipita haraka: mabadiliko haya yalikwenda taratibu mno. Mwaka 1990 watafiti Gordon Hillman na Stuart Davies walikokotoa kwamba ngano mwitu ingeweza kugeuka kuwa ya shambani ndani ya miaka 20 hadi 200, kama wavunaji wangetumia mundu na kupanda mbegu hizohizo kila msimu. Mwaka 2006 Ken-ichi Tanno na George Willcox walichapisha hesabu za makovu halisi kutoka Syria na Uturuki, na ikaonekana mabadiliko yalichukua zaidi ya miaka elfu moja. Mimi naona sababu iko kwenye namna ya kuvuna. Mtu anayekung'utia masuke ndani ya kapu anabeba zile zinazopukutika na kuziacha zenye hitilafu. Anayevuna mabichi anazibeba zote sawasawa. Vizazi na vizazi vya watu vilipanda na kuvuna nafaka ambayo kwa umbo lake ilikuwa bado ya porini.

Mwanafunzi wako anaweza kudhani mfano huu ni wa Mashariki ya Kati peke yake. Mtama anaouona kila siku hapo Dodoma ni mmea wa Afrika, na ushahidi wake wa mapema umetoka karibu na Kassala, mashariki mwa Sudan, kwenye eneo liitwalo KG23. Wafinyanzi wa huko walichanganya makapi ya mtama kwenye udongo wa vyungu. Chungu kilipochomwa makapi yaliteketea, yakaacha matundu yenye umbo lao kamili. Maelfu ya miaka baadaye watafiti walijaza silikoni kwenye matundu ya vigae hivyo, wakaitoa, wakaitazama kwa hadubini ya elektroni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha mchanganyiko: vishuke, yaani vijisehemu vya suke vinavyobeba punje, vyenye kovu laini la porini pamoja na vilivyochanika kwa kupurwa. Vigae hivyo ni vya kati ya mwaka 3500 na 3000 KK. Huo ni mtama ulioshikwa ukiwa katikati ya safari yake, na sijui ushahidi mzuri kuliko huo wa kumwonyesha kijana wa Kiafrika.

Swali lako la pili. Pale tunapoona vizuri zaidi, kutulia kulitangulia kulima. Abu Hureyra ni kijiji cha kale kando ya mto Frati, Syria, kilichofukuliwa mwaka 1972 na 1973 kabla ya bwawa kukifunika kwa maji. Wakazi wake wa kwanza, kama miaka 13,000 iliyopita, waliishi hapo wakila swala waliopita kwa makundi pamoja na mbegu na matunda ya porini. Chakula kilikuwa karibu, kwa hiyo hawakuwa na sababu ya kuhama. Kilimo kamili kilikuja baadaye, na kilikuja na gharama. Mtaalamu wa mifupa ya kale, Theya Molleson, aliichunguza mifupa ya wakulima wa hapo akakuta vidole gumba vya miguu vimepinda na kuchakaa kwenye viungio, magoti na sehemu ya chini ya mgongo vimeumia, hasa kwa wanawake. Walipiga magoti saa nyingi kila siku, wakisukuma jiwe la kusagia mbele na nyuma huku wamejikaza kwa vidole vya miguu. Bibi yeyote aliyesaga mtama kabla ya mashine kufika kijijini anayajua maumivu hayo.

Afrika Mashariki mambo yalifuata mpangilio mwingine, na hapa ningependa mtaala wetu ungesema wazi zaidi. Mifugo ilitangulia mazao. Wafugaji walikuwepo kando ya Ziwa Turkana kama miaka 5,000 iliyopita, na huko Luxmanda, kaskazini mwa Tanzania, walikuwepo kama miaka 3,000 iliyopita. Mazao yalifika baadaye. Katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, kunde zimepimwa umri na kuonekana ni za miaka 2,300 hivi. Na wapo waliobaki na maisha ya kuwinda na kuokota: Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wanachimba mizizi na kurina asali mpaka leo, huku wakiwafahamu vizuri majirani zao wanaolima.

Darasani fanya hivi. Msimu wa mavuno leta suke la mtama uliokauka, na ulete pia suke la mtama mwitu, ule unaoota pembezoni mwa mashamba na wakulima huung'oa kama gugu. Tandika karatasi nyeupe mezani, mmoja aukung'ute mwitu taratibu, mwingine aukung'ute wa shambani kwa nguvu. Kisha wagawie lenzi ya kukuzia, watazame sehemu ya chini ya kila kishuke kilichoanguka, na waliochukua vya mtama wa shambani wasimulie walivyolazimika kuving'oa kwa vidole.