Umeitwa kwenye juri Marekani? Nenda, na ukifika ongea

Mkuu, umeuliza kama hiyo barua kutoka kaunti ya kukuita kwenye juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaoamua kesi mahakamani, ni ya kuogopa, maana uraia umeupata juzijuzi na Kiingereza bado unakijenga. Mimi nimeshakaa kwenye juri hapa Texas, kesi ya jinai, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Barua usiitupe. Majina yanatolewa kwenye daftari la wapiga kura na kwenye orodha ya leseni za udereva, ndiyo maana hata wenye grini kadi huitwa. Asiye raia ajaze fomu kwamba si raia na airudishe. Asithubutu kuandika kwamba ni raia, kujidai uraia kunaweza kumfukuzisha nchini. Na ukipigiwa simu ukaambiwa ulikosa juri, ulipe faini sasa hivi kwa kadi za zawadi, huyo ni tapeli.

Malipo ni madogo: hapa Texas, tangu Septemba 2023, dola 20 siku ya kwanza na dola 58 kila siku inayofuata. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya juri, lakini kampuni binafsi hailazimiki kukulipa mshahara, kwa hiyo anayelipwa kwa saa ajipange. Mwanafunzi, au mwenye mtoto chini ya miaka 12 asiye na wa kumwachia, anaweza kuomba asamehewe.

Siku yenyewe mawakili watawauliza maswali. Umewahi kuibiwa? Una ndugu polisi? Jibu ukweli mtupu. Wakili anaweza kukukataa bila kutoa sababu, ila si kwa rangi yako. Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hilo mwaka 1986 katika kesi ya Batson dhidi ya Kentucky.

Kinachotuchanganya sisi ni kwamba tunawafikiria wazee wa baraza. Tanzania mzee wa baraza akitumika Mahakama Kuu anatoa maoni tu, na jaji hafungwi nayo. Kenya waliwaondoa kabisa mwaka 2007. Hapa jaji anawaeleza sheria, lakini nani kasema kweli mnaamua ninyi. Mkisema hana hatia, basi, mwendesha mashtaka hana pa kukata rufaa.

Kesi yetu ilikuwa ya kuvunja nyumba. Shahidi mkuu alisema alimtambua kijana usiku, akiwa ng'ambo ya maegesho ya magari. Tulipofungiwa chumbani, kura ya kwanza wengi walisema ana hatia, na wengine walionekana wazi wanataka kuwahi nyumbani. Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote, mwenye lafudhi nzito ya Kihispania, akaomba ile picha ya maegesho iliyotolewa kama kielelezo. Akaweka kidole kwenye nguzo ya taa: ilikuwa nyuma ya pale mshtakiwa alipodaiwa kusimama. Uso wake basi ulikuwa gizani. Tukaanza kuupitia ushahidi upya, na mwisho sote 12 tukakubaliana kwamba hana hatia, kwa sababu shaka ilikuwepo. Bila yule mama kufungua mdomo, sijui ingekuwaje kwa yule kijana.

Ndiyo maana inaniuma kusikia watu wetu wakifundishana visingizio vya kukwepa. Vijana wetu wanashtakiwa hapa, na kwenye vile viti mara nyingi hakuna hata mmoja anayejua maisha yao. Sheria ya Texas inataka ujue kusoma na kuandika. Kama kweli hufuatilii kinachosemwa, mwambie jaji mapema. Kama unaelewa, lafudhi isikuzuie.

Ukichaguliwa, usiitafute kesi mtandaoni, usiende kukagua eneo la tukio, wala usimsimulie shemeji nyumbani mpaka jaji awaruhusu. Ikigundulika, kesi inaweza kuvunjwa ianze upya. Jaza fomu leo, na kama kuna swali humo hulielewi liandike hapa, tutakusaidia.