Pima kwanza, ndipo uhuishe taarifa za ruzuku

Dada, umesema daftari la kijiji bado linaonyesha ekari tano ilhali shamba mmeshagawana na kaka yako, na unahofia mgao wako wa mbolea ya ruzuku utavurugika. Nenda kwa mtendaji wa kijiji mapema, kabla ya msimu, taarifa zako zihuishwe.

Ila pima kwanza. Zile hatua 70 kwa 70 tunazoziita ekari zinapotosha sana: anayepiga hatua ya mita nzima anapata mita za mraba 4,900, wakati ekari ni takriban 4,047. Zunguka mpaka na simu yenye GPS, majirani wawepo, kila kona ipigwe picha. Ulipojenga nyumba na penye korongo, patoe. Kaka yako naye ajisajili kwa jina lake. Tafadhali msiliahirishe hilo.