Mvinyo mkongwe wa Burgundy: umeharibika au umekomaa?

SWALI: Salaam wahariri. Nahudumu mezani katika hoteli ya pwani. Mgeni alikuja na chupa yake ya Gevrey-Chambertin ya 2005, mvinyo mwekundu wa Burgundy, Ufaransa. Nilipommiminia, ukingoni mwa glasi mvinyo ulikuwa na rangi ya tofali, na mashapo yakatoka nao. Mwenzangu akaninong'oneza kuwa umeharibika, lakini mgeni aliunywa kwa furaha. Nani alikuwa sahihi, na siku nyingine nifanyeje?

JIBU: Ndugu yetu, mgeni hakukosea. Mvinyo mwekundu wa Burgundy hutokana na zabibu za Pinot Noir, ambazo ganda lake ni jembamba na rangi yake haba tangu mwanzo. Miaka ikipita, rangi na tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, hushikana, huwa nzito na kutua chini. Hayo ndiyo mashapo, na ukingo wa tofali ni dalili ya umri tu. Utie shaka ukiona mvinyo umekuwa kahawia mpaka katikati na haung'ai tena, maana hapo hewa imeshauingia.

Siku nyingine, simamisha chupa tangu jana yake, mashapo yatue. Uandae kwa nyuzi 15 au 16. Kwa joto letu la pwani, kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Kizibo kikongwe humeguka kwa parafujo, hivyo tumia kizibuo chenye ndimi mbili: zipenyeze ubavuni mwa kizibo, kisha zungusha huku ukivuta taratibu. Mimina kwenye jagi bila kukatiza, tochi ikimulika shingo ya chupa; ukiona uzi mweusi wa mashapo unafika shingoni, acha papo hapo. Usiuweke kwenye jagi saa nyingi kabla, kwani harufu za uzee ni nyepesi na huondoka upesi.

Tumia glasi pana, umimine mililita 70 hivi. Nusa kwanza bila kuzungusha: cheri zilizokauka, uyoga, majani yaliyolowa, ngozi. Uvundo hafifu wa mwanzo huweza kutoweka, basi subiri dakika 10 kabla ya kuhukumu. Harufu ya boksi lililolowa maji haiondoki. Hiyo imetoka kwenye kizibo, na chupa irudishwe.

Mdomoni, uchachu uwe hai na ukakasi uwe umelainika, usikaushe ulimi kama bibo. Ukishameza, hesabu sekunde: ladha ya mvinyo mzuri hupita kumi ikiwa bado inabadilika. Ila 2005 ulikuwa mwaka wa tanini nyingi Burgundy, kwa hiyo ukakasi kidogo usikufanye uikatae chupa hiyo.