Muulize mama mtoto anabaki na nani

Wewe unayeanza kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuna jambo litakushangaza mapema. Mahindi, viazi, maharage, mboga na parachichi vipo tele, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, na Njombe takribani nusu. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Kwa hiyo usiingie nyumbani kwa mtu ukaanza kumhubiria makundi ya vyakula. Parachichi analijua, huenda ndilo analouza.

Anza na swali hili: mama, ukienda shambani mtoto unamwacha na nani? Kisha nyamaza usikilize. Utaambiwa ni dada yake ambaye naye bado mtoto, au bibi aliyechoka. Msimu wa kilimo mama hutoka alfajiri akarudi jioni, na uji wa asubuhi ndio huohuo wa mchana, umepoa, pengine nzi wameshatua. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anatakiwa kula mara 2 au 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4, huku akiendelea kunyonya. Tumbo lake dogo halishiki shibe ya kutwa. Akipewa uji mwepesi asubuhi na jioni tu, kila mara akiugua kuhara, atadumaa hata kama ghala limejaa.

Kuwa makini na utepe wa kupimia mkono. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Lakini kijani haimaanishi kuwa hajadumaa, kwa sababu utepe unaonyesha wembamba, hauonyeshi urefu. Mtoto mnene mwenye mashavu anaweza kuwa mfupi mno kwa umri wake, na familia ikasema amemfuata babu. Sisitiza apimwe urefu, na usome kadi yake ya kliniki yote, usiishie kwenye uzito wa mwezi huu.

Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayounganisha afya, lishe, malezi yenye mwitikio (kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Wizarani hizo ni idara mbalimbali. Mlangoni kwa mama ni wewe peke yako, basi angalia pia kama kuna anayezungumza na mtoto. Mwonyeshe yule dada namna ya kumpa magunzi na vifuniko apange, kumtajia majina ya vitu, kumjibu anapotoa sauti. Hilo halihitaji fedha, na naliona limesahaulika kuliko yote.

Wajawazito wahimize waanze kliniki kabla ya wiki 12, wasingoje tumbo lionekane.

Baba naye mtafute jioni akiwepo. Usimpe hotuba. Kubaliana naye mambo mawili: siku ya kliniki nani atakwenda shambani badala ya mama, na kwenye mauzo ya viazi mayai ya mtoto yatatoka fungu gani. Yaandike kwenye daftari lako, urudi kumuuliza.