Jibu: Mtoto wa Kiojibwe tuliyeahidiwa amezuiwa

Habari ndugu. Umesema mna leseni ya ulezi wa muda wa watoto hapa Minnesota, Marekani, ila mtoto mliyeahidiwa amezuiwa kwa kuwa mama yake ni Mwojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa Amerika. Msitafute kosa kwenu.

Kwanza muulizeni ofisa wa ustawi wa watoto: mtoto ni mwanachama wa taifa lake (yaani kabila lake la wenyeji wa asili), au anastahili kuwa? Taifa limeshaarifiwa? Kama ndiyo, ICWA, sheria ya Marekani ya 1978 inayolinda watoto wa wenyeji wa asili wasitenganishwe na familia na mataifa yao, inatanguliza ndugu wa ukoo, kisha walezi walioidhinishwa na taifa hilo. Ilitungwa kwa kuwa tafiti za wakati huo zilionyesha robo hadi theluthi ya watoto wa wenyeji wa asili walikuwa wameondolewa makwao! Mimi na mume wangu pia ni walezi. Tumeona bibi wa mtoto akijitokeza dakika za mwisho kumchukua, nasi tukafurahi kweli. Mkipewa mtoto kwa muda, ombeni ratiba ya kumkutanisha na ndugu zake.