Barua kwa mwanangu: mshtaki aliyetenda

Mwanangu Salim,

Assalamu alaikum. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza na kuirudia, maana mara ya kwanza watoto wa dada yako walikuwa wanapiga kelele ukumbini. Unasema mwenzako wa ofisini huko Dodoma amekushikia bango kwamba mpira wa miguu umetuharibia utamaduni: kautuletea mkoloni, umetugawa, unaua watu, unakula muda na pesa za vijana. Ukaniuliza, "Mama, kweli mpira umetuharibu?"

Mimi nimestaafu ukarani wa Mahakama ya Mwanzo, na neno langu mnalijua tangu mkiwa wadogo mkigombana na kusingizia paka. Mshtaki aliyetenda, yaani umshtaki yule aliyefanya. Siku moja aliletwa mwanamume aliyempiga mkewe usiku ambao timu yake ilifungwa. Akajitetea kuwa ni hasira za mpira. Hakimu akaacha kuandika, akavua miwani, akamuuliza: "Huo mpira uko wapi, tuupandishe kizimbani?" Yule mke, jicho moja kalifunika kwa upindo wa mtandio, alicheka, na hapohapo akaanza kulia. Hadi leo namuona.

Basi hoja za mwenzako nimezisoma kama hati ya mashtaka. Hili la mkoloni ni jepesi. Ni kweli mpira ulishuka pwani na wageni. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wakiucheza na wanafunzi wao Kiungani, Unguja, tangu karne ya 19. Lakini na mkonge je? Mjerumani aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, miche 62 tu ikapona, ikapandwa kule kwa babu yako Pangani. Leo ukitaja Tanga mtu anaona mkonge, wala hakuna anayeukataa kwa kuwa ulikuja na meli. Pwani tumepokea vingi tukavifanya vyetu. Ukienda uwanja wa Mkwakwani hapa Tanga ukasikia watu wanavyowaita timu yetu ya Coastal Union "Wagosi wa Kaya", hutamsikia mkoloni mle.

La kugawa watu nalo silikubali. Bibi yangu alikuwa akitusimulia vikundi vya ngoma za beni za zamani, Marini na Arinoti, sare na vyeo vya kijeshi, kila upande unatafuta namna ya kuuaibisha mwingine. Kisha ikaja taarab, Black Star na Lucky Star, zote hapahapa Tanga, na nyumba zilinuniana kwa ajili ya waimbaji. Kushindana tulikujua. Mpira ulitukuta tayari tuna pande mbili, ukatupa jezi.

Halafu amekutajia maafa ya uwanja wa Hillsborough, Uingereza. Hapo namheshimu, maana watu walikufa. Mwaka 1989, nusu fainali ya Kombe la FA, Liverpool na Nottingham Forest, watu wakabanwa kwenye vizimba vya uwanja. Waliokufa ni 97. Wa mwisho alifariki 2021 kwa majeraha ya siku ile. Lakini mwambie amalizie kisa. Polisi walisema ni mashabiki walevi, magazeti yakaandika, na wazazi wakazika watoto wao huku wakitukanwa. Ilichukua hadi 2016 jopo la wazee wa baraza kutamka kwamba watu wale waliuawa isivyo halali, kwamba polisi walikosea, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27, Salim. Mama mzima anazeeka akisubiri jina sahihi liandikwe kwenye karatasi. Ukishtaki "mpira", wale waliokosea wanakwenda kulala usingizi mzuri.

La pesa ndilo linaloniuma. Vijana wa hapa Barabara ya 12 wanakaa barazani tangu asubuhi, simu mkononi, hata timu wanazozibetia hawazijui. Jioni utasikia "mkeka umechanika", na hiyo ilikuwa nauli ya kwenda kutafuta kazi. Kijana mmoja aliuza cherehani ya mama yake. Lakini hata hapo, mshtaki aliyetenda. Kuna mwenye kampuni, kuna aliyempa leseni, kuna redio inayomtangazia kijana asiye na ajira kuanzia alfajiri kwamba utajiri uko kiganjani. Hao wana majina na ofisi. Mwenzako awataje nitamuunga mkono.

Sasa unaweza kusema nimemaliza, mpira umeachiwa huru. Na mimi nilidhani hivyo mpaka nilipochukua kalamu.

Siku ya posa yangu hujaisikia yote. Baba yako huwa anasimulia ile nusu yenye kicheko.

Wageni walitoka Pangani: babu yako, mshenga, na wazee wawili. Ahadi ilikuwa baada ya Alasiri. Siku hiyohiyo Coastal na African Sports walikuwa wanacheza, na baba yangu, Mungu amrehemu, aliondoka na kaka zangu wote akisema atawahi. Mama akawakaribisha wageni peke yake. Dele la shaba likakaa juu ya makaa, kahawa ikazunguka, ikazunguka tena, akaongeza maji, akaongeza buni. Halua ikaanza kutoa mafuta. Mimi nimekaa nyuma ya pazia na kanga mpya ambayo haijapata maji, inanuka duka. Kelele za uwanjani zilikuwa zinatufikia kwa upepo, na kila zilipopanda wale wazee walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kuulizana habari za mvua.

Baba aliingia adhana ya Magharibi inakaribia, kanzu imejaa vumbi, sauti imemkauka. Mama akasimama mlangoni amvute pembeni. Kabla hajapata nafasi, babu yako, ambaye alikuwa amekunja uso tangu kikombe cha tatu, akauliza: "Ngapi?" Baba akamwambia. Babu yako akapiga goti lake kwa kiganja. Baba ni Coastal, kumbe huyu ni wa Kimanumanu, African Sports damu! Wakaanza. Bao lilikuwa la kuotea, halikuwa la kuotea, mshika kibendera alikuwa wapi. Waliposwali na kurudi waliendelea. Mahari ilikatwa kabla ya Isha, kwa maneno machache, watu wakicheka.

Baba yako anasema mpira ndio uliotuoza, na hasemi uongo. Wale wazee wawili walipendana hadi kufa. Coastal walipochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, babu yako alipanda basi kutoka Pangani kuja kumpongeza mkwewe kwa ubingwa wa timu ambayo mwenyewe hakuipenda. Nieleze ni nini kingine kingewapatanisha wale, mmoja mvuvi na mwingine fundi seremala, kwa jioni moja.

Lakini mimi nilikuwa na neno. Nilitaka nimalize kwanza mafunzo yangu ya ukarani, ndipo niolewe. Nilimwomba mama amwambie baba, aliweke kama sharti mbele ya wageni. Ndiyo maana alisimama mlangoni. Tangu adhuhuri alikuwa na neno langu mdomoni, na aliyetakiwa kulisikia alikuwa Mkwakwani. Likapita. Mafunzo nilikuja kuyamaliza wewe ukiwa umeshaachishwa ziwa na dada yako anaanza kutambaa.

Nimejibishana na nafsi yangu kwa hili miaka mingi. Nasema: ni mpira. Kitu kinachokusanya mji mzima jioni moja, kisha mji huo ukawa wa wanaume peke yao, lazima kiwafundishe wanaume kwamba mambo ya nyumbani yatasubiri. Kisha najijibu: kama pasingekuwa na mechi, wangezungumza bei ya nazi, na mimi ningekuwa nyuma ya pazia lilelile. Narudi tena: mbona Waingereza wenyewe, mwaka 1920, watu 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park kuwatazama wanawake wakicheza, na mwaka uliofuata chama chao cha mpira kikawafungia wanawake viwanja vyake, kwa karibu nusu karne? Mpira haukuwakataa. Kuna watu walikaa kikaoni wakapiga muhuri. Na hawa watoto wetu, Serengeti Girls, walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, niliwatazama nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa hadi mwisho.

Kwa hiyo narudi kwenye neno langu, mshtaki aliyetenda, na hapo ndipo linaponigeuka. Aliyetenda ana jina. Aliijua saa, akachagua. Ndiye huyohuyo aliyenibeba mgongoni hadi hospitali nilipougua surua, ndiye aliyeuza randa yake nzuri ninunuliwe sare za shule. Hukumu ninayo, Salim, imekaa kichwani tayari kusomwa. Ila mshtakiwa hawezi tena kusimama akajitetea, na sijawahi kuona jalada likifungwa hivyo. Nimelirudisha kabatini.

Mwenzako mwambie hoja zake mbili zina uzito, ya kubeti na ile ambayo hakuitaja, ya nani hukaa nyumbani akisubiri.

Mke wako ameniambia Zubeda amechaguliwa timu ya shule ya UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, na kwamba siku ya mechi wewe una kikao. Kikao kiahirishwe. Nitumie namba ya mguu wake. Soko la Mgandini kuna mtu analeta viatu vya mpira vya mtumba, vizima kabisa, nataka niwahi kabla hajafungua robota jipya Jumamosi.

Mama yako