Machungwa machachu: anzia shambani, si getini

Dada'angu, umeuliza ufanyeje na wauzaji watatu wa Muheza wanaoleta machungwa machachu kwenye kiwanda chako cha juisi hapo Tanga. Kukagua getini ni kuchelewa: chungwa likishachumwa haliivi tena. Nenda shambani kabla ya mavuno, kamua machache, onja mwenyewe. Kisha andikianeni na kila muuzaji ukomavu unaoutaka na nani anabeba hasara ya mabovu. Hili wengi hulionea haya, nawe usilionee. Gari likifika, chukua machungwa 20 toka juu, katikati na chini ya mzigo (mazuri hupangwa juu), yakate, andika matokeo kwa jina la muuzaji. Hata ISO 9001 (kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora) inadai kumbukumbu za namna hiyo. Anayefanya vizuri mwongezee oda, na umlipe kwa wakati.